Meseji zinapohamia kompyuta ya steshenari

Juzi nilikwenda steshenari kuprinti. Kijana aliyenitangulia alikuwa ameskani msimbo wa QR kwa simu yake, akapakua barua yake ya maombi ya kazi kutoka WhatsApp, akalipa, akaondoka. Nilipokalia kiti chake, mazungumzo yake yalikuwa wazi mbele yangu. Meseji ikaingia, juu imeandikwa "Mama". Niligeuza uso.

WhatsApp Web, yaani WhatsApp ya kwenye kompyuta, ilipoanza 2015, kompyuta iliitegemea simu kwa kila kitu. Chaji ikiisha au bando likikata, kompyuta nayo inakwama. Mfumo ulioanza kujaribiwa Julai 2021 ukampa kila mtumiaji uhuru mwingine: kila kifaa kina funguo zake za siri za kufungulia meseji, unaweza kuunganisha vinne mbali na simu yako, na vinaendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa. Simu isipotumika kwa siku 14 ndipo vinaondolewa.

Kwa anayeuza vitu mtandaoni, hii ni nafuu kubwa. Oda aliyoanza kuijibu kwa kidole gumba akiwa kwenye daladala, anaimalizia dukani kwa kibodi, picha na bei zikiwa palepale. Simu ikizima, mteja haachwi akisubiri. Siwezi kumwambia mtu kama huyo arudi kwenye mfumo wa zamani.

Wapo wanaosema Telegram inafanya kazi hii vizuri zaidi, na kwa wepesi wana haki. Ingia kwenye kifaa kipya, unakuta hata meseji za miaka iliyopita. Sababu ni kwamba mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva za kampuni, na kampuni ina uwezo wa kuyafungua. Yale ya siri, ambayo hata kampuni haiwezi kuyasoma, yamefungwa kwenye kifaa kilichoyaanzisha, hayahami. WhatsApp yenyewe hunakili historia kutoka kwenye simu kwenda kifaa kipya, na meseji za zamani sana huenda usizikute. Mimi nakubali kuzikosa hizo kuliko kumwachia mtu wa tatu ufunguo.

Lakini funguo hizo zote hazikumsaidia yule kijana. Hakuna aliyevunja chochote. Mlango aliufungua mwenyewe akasahau kuufunga. Vivyo hivyo mwenza mwenye wivu anayejua namba ya kufungulia simu yako akiishika, dakika moja inamtosha kuunganisha kompyuta yake na kusoma kila kinachoingia. Ndiyo maana naona programu hizi zingemuuliza mtu palepale anaposkani: unaunganisha kwa saa moja, au moja kwa moja? Anayeprinti kurasa mbili hahitaji zaidi ya saa.

Nilimwita dada wa steshenari. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza mara mbili tatu, akamtoa yule kijana. Akaniambia kazi hiyo huifanya kila siku.