Sikuzimia, Nilikaa Chini Haraka

Kwanza kabisa: sikuzimia. Najua wengi wenu mmeshapata habari kwa yule rafiki yangu, ambaye tangu Jumamosi jioni amehamia kwenye vijiwe vya kahawa vya Makoroboi, hapa Mwanza, na anasimulia utadhani analipwa. Kwake yeye nilianguka, nikamwagiwa maji, nikaamka namwita mama. Uongo mtupu. Nilikaa chini haraka. Kiti hakikuwepo, hilo nakubali.

Sasa nisikilizeni mimi mwenye msiba.

Mnakumbuka ile kazi niliyokuwa natamba nayo hapa, tovuti ya chama cha wauza dagaa? Jina la chama silitaji, bado nataka kupita soko la Mwaloni bila kurushiwa maji ya samaki. Tovuti yenyewe haikuwa shida. Shida ilikuwa seva, yaani programu inayowatolea watu kurasa za tovuti. Natumia nginx, inatamkwa "injini eksi", na kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaambia hivyo kwenye kikao. Mzee mmoja mwenye mitumbwi akauliza hiyo injini ni farasi ngapi na kwa usiku mmoja inakunywa lita ngapi. Nikajibu haili mafuta. Akatikisa kichwa, akamwambia jirani yake, "Ya Kichina hiyo."

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akaweka sharti moja tu: "Kijana, kila utakachokiweka humo kiandike kwa Kiswahili, na maana yake. Wewe ukifa tusihangaike." Alisema "ukifa" kama mtu anavyosema "ukienda Ukerewe".

Haya. Kwa msiojua mambo haya, seva inafuata faili la mipangilio, na ndani yake kuna maagizo. Kila agizo lina kazi yake, mengi yana kiwango chake cha kawaida, na yale mepesi hufungwa kwa nukta mkato. Ukisahau nukta mkato moja, haiwaki kitu. Mimi agizo lisilo na mfano haliniingii kichwani. Kwa hiyo nikaandika maelezo yenye mifano, na mifano nikaitafuta karibu. Karibu mno. Ilikuwa saa saba usiku, naandika, nacheka mwenyewe, mke wangu anauliza chumbani kama ni mzima. Nia yangu ilikuwa kuandaa nakala safi kesho yake.

Kesho yake ndiyo Ijumaa. Seva ikaanza kunijibu 403, yaani folda ipo lakini huruhusiwi kuingia. Mtu mwenye akili timamu angeangalia folda ni ya nani na kwa nini seva inazuiwa. Mimi nikaweka 777: kila mtu asome, aandike, apite. Siku mbili kabla nilikuwa nimewasha agizo linaloitwa autoindex ili rafiki yangu (huyohuyo wa Makoroboi!) achukue picha za harusi ya dada yake. Autoindex kwa kawaida huwa imezimwa, na sasa naelewa kwa nini. Mtu akiingia kwenye folda isiyo na ukurasa wa mwanzo, seva inamwanikia orodha ya kila kilichomo. Inaanika kweli, kama dagaa kwenye kichanja. Na agizo la root, lile linaloielekeza seva ni folda gani ndiyo tovuti, nilikuwa nimeliacha kwenye folda yangu binafsi niliyokuwa nafanyia majaribio.

Nikapima kwa nginx -t, ikasema sawa. Kumbe ile inakagua sarufi na kama mafaili yaliyotajwa yanafunguka, basi; ukiandika ujinga ulionyooka inakupitisha. Nikaiuliza seva kwa amri nyingine, ikajibu 200, maana yake shwari. Kuufungua ukurasa niutazame kwa macho? Jamani, nilikuwa na usingizi.

Jumamosi. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, wajumbe tisa mbele na wanachama kama arobaini nyuma. Katibu akaandika anwani kwenye laptopu yake kwa kidole kimoja. Akabonyeza.

Ukurasa mweupe. Maandishi meusi. Folda ya "mikopo". Folda ya "harusi-ya-dada-yake". Chini yake mafaili, kila moja na tarehe na uzito wake. Moja likiitwa "barua-baba-mkwe-ngombe-watatu-waliobaki.docx".

Mama mweka hazina, ambaye ametoka kijiji kimoja na mke wangu, akavaa miwani.

Nikasema ule uongo tunaousema wote: "Samahani wazee, ni mtandao."

"Mtandao gani una ng'ombe?" akauliza mwenyekiti.

Halafu akanyoosha kidole. Maelezo yangu nilikuwa nimeyapa jina la herufi kubwa, na seva hupanga herufi kubwa mbele ya ndogo, kwa hiyo yalikuwa yamekaa juu ya mafaili yote kama mgeni rasmi. "Hiyo MAELEZO si ndiyo niliyoagiza? Fungua."

"Mzee, hiyo ni rasimu..."

"Rasimu ndizo zinazopitishwa kwenye vikao."

Likafunguka. Akasimama, akalisogelea shuka, akaanza kusoma kwa ile sauti ya imla, kidole kinafuata mstari.

"Worker_processes. Idadi ya wafanyakazi wa seva. Kawaida ni mmoja. Mfano: chama chetu, wajumbe tisa, anayefanya kazi mmoja."

Nyuma kule wakapiga makofi! Mwenyekiti mwenyewe akacheka, maana alijihesabu kuwa ndiye yule mmoja.

"Keepalive_timeout. Muda wa kumsubiri mtu aliyeunganishwa hata kama hana jipya. Kawaida sekunde 75. Mfano: katibu akisoma muhtasari." Katibu akaangalia kibodi yake.

"Gzip. Kubana vitu viwe vidogo kabla ya kuvitoa. Kawaida imezimwa. Mfano wa iliyowashwa usiku na mchana: mama mweka hazina." Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee wa mitumbwi akawa anajifuta machozi kwa kofia. Mama hakucheka. Mama alikuwa ananitazama mimi, na miwani ameivua.

Mimi nilikuwa najua mstari unaofuata. Nyie wafuasi wangu, kuna upweke wa kuwa mtu pekee ukumbini anayejua mstari unaofuata. Nikafikiria kuchomoa waya wa projekta. Waya ulikuwa umepita chini ya kiti cha mwenyekiti. Juu ya bati korongo akawa anatembea, ko, ko, ko.

"Client_max_body_size," akasoma, bado anatabasamu. "Ukubwa wa mzigo ambao seva inakubali kupokea kwa mkupuo. Kawaida ni megabaiti 1. Mtu akizidisha, anarudishwa kwa jibu la 413. Mfano..."

Kidole kikasimama. Akasoma polepole, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sahani. Ya. Mwenyekiti."

Akageuka. Mwanga wa projekta ukawa unampiga tumboni, na pale tumboni, ndugu zangu, maandishi yangu yakasomeka vizuri kuliko kwenye shuka.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mengine yalikwenda mbio. Nilitambaa mpaka kwenye simu yangu, nikaingia kwenye seva, nikaagiza kila anayefungua tovuti apelekwe kwenye picha ya Bismarck Rock, lile jiwe letu la ziwani. Kwa kihoro nikaandika 301, kuhama moja kwa moja, badala ya 302 ya kuhama kwa muda. Brauza ikiambiwa 301 inaweza kukariri, isiulize tena. Tovuti nimeshaitengeneza, kila mtu anaiona, isipokuwa laptopu ya katibu ambayo mpaka leo Jumatatu inamwonyesha jiwe. Anasema namkomoa.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali na sangara. Nilikaa mkiani mwa meza, pembeni ya madumu ya maji. Mwenyekiti akapakuliwa vipande vitatu. Akavitazama, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akachukua kipande kimoja kwa uma na kukirudisha kwenye hotipoti mbele ya watu wote.

"Mia nne kumi na tatu," akasema.

Natoka, mama mweka hazina akanisubiri mlangoni na bahasha ya malipo. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaipima kidogo kwa vidole. Nyepesi.

"Ile ya kubana, mwanangu," akasema. "Nimeiwasha. Na baba mkwe wako nitamsalimia."