Mwezi ulipigwa kwa mkupuo mmoja?

Anayefika Ndolezi, wilayani Mbozi, Tanzania, hukuta kimondo: bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, la urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Limejaa vishimo kama vya kidole gumba, na lina kovu pale kipande kilipokatwa kwa msumeno. Shimo lililochimbwa na pigo lake halionekani. Duniani mvua na mmomonyoko hufuta alama. Mwezini hakuna mvua wala upepo, ndiyo maana anayetaka historia ya mapigo ya asteroidi, miamba inayozunguka Jua, huenda kuisoma huko.

Wanaoisoma historia hiyo hawakubaliani: wengine wanasema Mwezi ulipigwa kwa mkupuo, yaani mapigo mengi kwa muda mfupi, wengine kwamba mapigo yalipungua polepole. Safari za Apollo za Marekani kwenda Mwezini, 1969 hadi 1972, zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Mawe mengi yaliyoyeyushwa na mapigo yalikuwa na umri wa miaka bilioni 3.9 hivi, na mwaka 1974 wanasayansi Tera, Papanastassiou na Wasserburg wakasema Mwezi ulishambuliwa kwa mkupuo wakati huo. Chanzo kilipatiwa maelezo mwaka 2005: sayari kubwa, Mshtarii na wenzake, zilihama njia zao na kuvuruga asteroidi.

Maelezo hayo yanavutia, lakini mimi yananitia shaka. Apollo zote zilizotua Mwezini zilitua upande unaotazama Dunia, na upande huo una bonde la Imbrium, lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,100. Pigo lililolichimba lilitapanya vifusi mbali sana. Huenda basi tulipima pigo moja mara nyingi, tukadhani ni mengi.

Watetezi wa mkupuo wana jibu zito, na halipaswi kupuuzwa: hata vimondo vilivyotoka Mwezini na kuanguka Duniani, ambavyo vingine huenda vilitoka upande wa nyuma, vina mawe machache ya mapigo yaliyozidi umri huo. Hata hivyo, mawe ya zamani yanaweza kuwa yamefukiwa, au umri wake ulifutwa na joto la mapigo ya baadaye.

Mwaka 2024 chombo cha China, Chang'e-6, kilileta sampuli kutoka upande wa nyuma, ndani ya bonde la South Pole-Aitken. Wanasayansi walizipima wakalipa bonde hilo umri wa miaka bilioni 4.25. Hilo linaonyesha kwamba mapigo makubwa yalianza mapema, nami naona linaipa nguvu hoja ya mapigo yaliyopungua polepole. Halijaufuta mkupuo, kwani mengine yangeweza kuja baadaye. Kinachohitajika sasa ni mawe yaliyochukuliwa moja kwa moja kwenye mabonde mengine ya kale, kama Nectaris.