Mdou Moctar na nyimbo zilizosafiri bure

Mwaka 2008, Mahamadou Souleymane, mpiga gitaa kutoka Niger, wa jamii ya Watuareg wa jangwa la Sahara, anayejulikana zaidi kwa jina la Mdou Moctar, alivuka mpaka hadi Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, akarekodi albamu aliyoiita Anar. Studio za mji huo zilizoea muziki wa kisasa wa Kihausa, na mazoea hayo yanasikika wazi katika albamu hiyo: ngoma ni za mashine, na sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye programu ya kunyoosha sauti hadi ikafanana na ya roboti. Nyimbo zake hazikuenea kwa kuuzwa madukani. Zilirushwa kwa bluetooth kutoka simu hadi simu, zikajazwa kwenye memori kadi katika vibanda vya sokoni, na baada ya muda zikawa zinasikika mbali sana na alikozirekodi.

Wapo wanaouona uenezi wa namna hiyo kuwa wizi, na hoja yao haipuuziki. Mwenye kibanda hulipwa kwa kujaza kadi, na aliyetengeneza simu alikwisha kulipwa zamani. Katika mnyororo huo wote, aliyetunga, akaimba na kupiga gitaa ndiye pekee asiyetengewa kitu. Tena hasara haiishii kwenye fedha. Faili linapopita mikono mingi hupoteza jina la mwimbaji na la wimbo, au huandikwa jina la mtu mwingine kabisa. Mmarekani Christopher Kirkley, aliyekusanya nyimbo kutoka kwenye simu za watu huko Kidal, kaskazini mwa Mali, na kutoa mkusanyiko wake mwaka 2011, alilazimika kwanza kuwatafuta wenye nyimbo hizo. Mdou Moctar alikuwa mmoja wa waliopatikana.

Wanaoutetea uenezi huo huanzia mahali pengine, yaani namna mpiga gitaa wa Kituareg anavyopata riziki yake. Kwa kawaida hategemei mauzo ya nyimbo. Hualikwa kwenye harusi, hupiga hadi usiku wa manane, na wageni humtunza. Kwa mtu wa kazi hiyo, kila nakala iliyofika kwenye simu ya kijana wa kijiji cha mbali ilikuwa mwaliko uliokuwa ukingoja tarehe ya harusi. Historia nayo iko upande wao. Wapiga gitaa wa Tinariwen, kundi la Watuareg kutoka Mali, waliokulia uhamishoni Algeria na kupitia kambi za kijeshi za Libya katika miaka ya 1980, walimrekodia bure yeyote aliyewaletea kanda tupu, kwa sababu nia yao ilikuwa ujumbe uwafikie Watuareg waliotawanyika pande zote za Sahara. Memori kadi iliurithi utaratibu huo ukiwa tayari umeota mizizi.

Kwa habari ya Mdou Moctar mwenyewe, naona hoja ya pili ina uzito zaidi. Kijana aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza na kulifunga nyaya za breki za baiskeli, katika familia isiyoupenda muziki wa umeme, asingefunguliwa mlango na kampuni yoyote ya kurekodi, maana kampuni hizo hazikuwapo pale alipoishi. Hata hivyo, mafanikio yake hayatoshi kuuhalalisha utaratibu mzima. Simu zile zile zilibeba nyimbo za watu wengi ambao hawakuwahi kutafutwa, na hao hawana nafasi ya kutoa ushahidi wao katika mjadala huu. Kumtaja yeye peke yake ni kuhesabu waliovuka mto na kuwasahau waliozama.

Liko jambo lingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, nalo ni nani anayeamua muziki uwe wa namna gani. Wasikilizaji wa Sahel, ukanda ulio kusini mwa Sahara, waliupokea kwa shangwe wimbo wenye sauti ya roboti (nami nakiri kwamba Anar bado inanivutia kuliko baadhi ya kazi zake zilizosifiwa sana). Lakini albamu zilizompatia jina Ulaya na Marekani, yaani Ilana: The Creator ya mwaka 2019 na Afrique Victime iliyotolewa na kampuni ya Matador mwaka 2021, zinasimama juu ya gitaa linalounguruma kama la bendi za roki. Ni rahisi kudai kwamba wanunuzi wa nje ndio waliomgeuza. Dai hilo linapwaya, kwa kuwa yeye mwenyewe hutaja kuvutiwa na upigaji wa Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki wa Marekani, na anaendelea kuimba Kitamasheki, lugha ya Watuareg ambayo wengi wa wanunuzi hao hawaielewi. Katika Funeral for Justice ya mwaka 2024 analaumu waziwazi urithi wa ukoloni wa Ufaransa, mada ambayo mtu anayetaka tu kuwafurahisha wasikilizaji wa Ulaya angeikwepa.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni mahali hatari ilipohamia. Alipokuwa akiishi kwa harusi, kunakiliwa hakukumpunguzia kipato. Sasa anaishi zaidi kwa ziara, na ziara zinahitaji viza, ndege na mpaka ulio wazi. Jeshi lilipotwaa madaraka Niger tarehe 26 Julai 2023, yeye pamoja na Ahmoudou Madassane wa gitaa la pili na Souleymane Ibrahim wa ngoma walikuwa ziarani Marekani, wakakwama huko bila njia ya kurudi kwa familia zao, hata ikabidi mashabiki waombwe mchango. Mpiga besi na mtayarishaji wao, Mikey Coltun, ni Mmarekani na alikuwa nchini mwake. Sheria kali ya hakimiliki, ambayo upande wa kwanza unaidai kwa haki, ingempa mirabaha fulani, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo zake, katika miezi ile, ila isingemfungulia mpaka. Na memori kadi zinazosifiwa na upande wa pili ziliendelea kupita kutoka simu hadi simu huko Niger, kwenye harusi ambazo yeye hakuweza kuzifikia.