Mario Kart ni ileile: Nintendo bado inavuta wachezaji?

Kila Nintendo inapotoa mashine mpya, swali ni lilelile: nani atatoa pesa zake kununua kifaa cha gemu tu, wakati simu iko mfukoni na gemu za bure zimejaa humo? Safari hii swali limekuja na bei. Switch 2, iliyotoka 5 Juni 2025, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 449.99, na Mario Kart World, gemu yake ya mbio za magari, ukiinunua peke yake ni dola 79.99. Wanaosema kampuni hii ya Kyoto imefika ukingoni hawaropoki. Wanaikumbuka Wii U, mashine yake iliyododa.

Na wana haki ya kuikumbuka. Wii ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 101; Wii U, iliyoingia sokoni 2012, iliishia milioni 13.56. Wanunuzi wengi hawakujua hata kama ni mashine mpya au ni kioo cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo nyumbani. Wachambuzi wakaona simu ndiyo imeua biashara, wakaishauri Nintendo ipite njia ya Sega, ambayo mwaka 2001 iliachana na mashine ikabaki kutengeneza gemu. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alikataa. Alijikata nusu ya mshahara wake kwa miezi kadhaa na akagoma kupunguza wafanyakazi, kwa hoja kwamba mtu anayehofia kufukuzwa hawezi kutengeneza gemu ya kumgusa mchezaji. Alifariki Julai 2015, Switch, mashine iliyoifuata Wii U, ikiwa bado haijatoka.

Kuna namba moja ambayo sijaona ikipewa uzito wake katika mjadala huu. Mario Kart 8 ilitoka 2014 kwenye Wii U, ikauza nakala milioni 8.46. Aprili 2017 gemu hiyohiyo, ikiwa na nyongeza chache, ikahamia Switch. Imeuza zaidi ya milioni 65. Magari ni yaleyale, njia ni zilezile, hata ganda la ndizi linalokutelezesha kwenye kona ni lilelile.

Anayepinga atasema toleo la Switch lilitengenezewa upya sehemu ya mapambano, baadaye likaongezewa njia 48 za mbio, za kulipia, na katika misimu ya sikukuu likatolewa bure pamoja na mashine. Ni kweli. Atasema pia kwamba Switch zilizouzwa ni zaidi ya milioni 150, kwa hiyo nakala lazima ziwe nyingi. Hapo ananisaidia. Chukua nakala ugawanye kwa mashine: kwenye Wii U, karibu mashine sita katika kila kumi zilipata Mario Kart, kwenye Switch, ni pungufu ya nusu. Yaani wachache walioifikia Wii U waliichangamkia gemu ile kuliko hata hawa wa leo. Hakuna aliyeichoka Mario. Kilichoshindwa kilikuwa kifaa ambacho mtu hakielewi akikiona dukani.

Namba hiyo inaivunja pia hoja ya simu. Mwaka 2017 simu janja zilikuwa nyingi kuliko 2012, na nzuri zaidi. Kama simu ndiyo iliyoiua Wii U, Switch isingefika popote. Lakini Switch unaielewa kwa kuitazama: unaichomeka kwenye televisheni, unaichomoa unaondoka nayo, unang'oa pedi moja unampa aliyekaa pembeni yako. Aliyewahi kusimama nyuma ya benchi kwenye kibanda cha PlayStation uswahilini, akisubiri mechi iishe ili zamu yake ifike, hahitaji kuelezwa sana. Pale karibu kila mtu ana simu yenye gemu, na bado analipia kukaa bega kwa bega na mwenzake. Raha hiyo ndiyo Nintendo inayoiuza, na simu haijaiweza.

Hoja ya bei ni jambo jingine, na hiyo siidharau. Mwaka 2011 Nintendo iliitoa 3DS, mashine yake ya kushika mkononi, Marekani kwa dola 249.99, haikumaliza miezi sita, ikashushwa hadi 169.99, na walionunua mapema wakafutwa machozi kwa gemu 20 za zamani. Wachezaji walikuwapo. Bei ndiyo iliyowazuia mlangoni. Switch 2 haijaonyesha dalili hiyo: milioni 3.5 ndani ya siku nne, na zaidi ya milioni 10 kufikia mwisho wa Septemba 2025. Lakini hao ni wapenzi wa damu, ambao wangenunua hata ingekuwa ghali zaidi. Mashine hufika milioni 100 kwa mzazi anayenunua ya pili kwa ajili ya mtoto wa pili.

Mzazi huyo ndiye ninayemwogopea. Tangu 2019 alikuwa na Switch Lite, toleo dogo la Switch, ya dola 199.99, mlango wa bei nafuu kuliko yote katika familia ya Switch wa kuingia kwa Mario. Kwa desturi, bei ya mashine hushuka kadiri inavyozeeka. Agosti 2025, ikiwa na karibu miaka sita sokoni, Lite ilipandishwa Marekani hadi dola 229.99.