Usiishushe Impreza Kabla Hujaikagua Raki ya Usukani

Gari likianza kuyumba kwenye kona, ushauri wa kijiweni ni ule ule: kata springi, shusha, weka rimu kubwa. Kwa Subaru Impreza ya GD, ile sedani inayovuta kwa matairi yote manne iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007, ushauri huo ni mbovu. Gari hili lilitoka kiwandani na mpangilio mzuri wa chini. Kinachoua usukani wake ni raba. GD iliyo changa kuliko zote ni ya 2007, na kama bushi zake (raba zinazokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini) hazijawahi kubadilishwa, zimekauka, zimepasuka, au oili inayovuja imezilainisha mpaka zimekuwa kama ulimbo. Kuweka springi ngumu juu ya bushi za namna hiyo ni kupaka rangi ukuta unaotoa chumvi.

Anza na kinachogusa lami. Tairi bovu hukudanganya katika kila kipimo kitakachofuata. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba mara nyingi yana kashata (mikato ya raba inayogusa lami) nzuri lakini raba yake imeshakuwa ngumu, na mvua ya kwanza inamuumbua dereva. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo chako mwenyewe, kwa namba zilizo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pale sheli ukisema tu "jaza", unaweza kuondoka na PSI 40, na gari litadunda juu ya rasta (vituta vidogo vya mfululizo) kama mpira.

Kwa gari linalovuta kote kuna sharti moja zaidi, nalo linapuuzwa sana: matairi manne yawe ya saizi moja, aina moja, na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana. Kashata zikipishana milimita 1 tu, mzunguko wa tairi unapishana zaidi ya milimita 6, na Subaru wenyewe wanakomea hapo hapo. Ukizidisha, difu ya katikati (au klachi, kwa baadhi ya otomatiki) inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Matokeo yake ni gari linalokaza na kurukaruka ukikata usukani mpaka mwisho kwenye maegesho. Wengi hulichukua hilo kama ugonjwa wa usukani, wakanunua raki nzima (bomba lenye chuma cha meno kinachogeuza magurudumu ya mbele) bure. Kwa Impreza zisizo na turbo zenye gia otomatiki ya hatua 4, kuna soketi ya fyuzi chini ya boneti iliyoandikwa FWD. Chomeka fyuzi hapo, zungusha gari taratibu usukani ukiwa umekatwa wote. Likilainika, tatizo ni matairi yasiyolingana au klachi inayopeleka nguvu nyuma, halihusiani na raki. Kisha chomoa fyuzi.

Sasa raki, ambayo ndiyo kiini cha maoni yangu.

Raki ya Impreza imefungwa kwenye krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya injini) kwa vishikio vyenye raba ndani. Ile raba iliwekwa makusudi ili mtetemo wa barabara usifike mikononi. Ikichoka, unapogeuza usukani raki yenyewe husogea pembeni kwanza, na magurudumu hufuata baadaye. Ule utupu unaousikia katikati ya usukani, pale unapogeuza kidogo na gari lisijibu, mara nyingi chanzo chake ni hicho. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari likiwa chini kwa uzito wake wote, injini ikinguruma, gia ikiwa huru na hendibreki imevutwa, mtu mmoja akae ndani achezeshe usukani kushoto na kulia kama robo mzunguko. Mwingine amulike kwa tochi kutoka upande wa gurudumu la mbele, aangalie bomba la raki lilivyo ndani ya kishikio. Linapaswa kutulia. Ukiona linateleza kwenda na kurudi, hata milimita 2 au 3, na raba inajikunja kama mdomo wa kuku anayehema, umeshampata mgonjwa wako.

Bushi za poli (plastiki ngumu ya polyurethane inayochukua nafasi ya raba) za raki zinauzwa kama seti ndogo, na kati ya vitu vyote vitakavyotajwa humu hakuna kinachobadilisha usukani kwa bei ndogo kama hiyo. Whiteline wa Australia wanazo, na wengine pia. Kazi yake ni kufungua vishikio, kusogeza raki kidogo, kusafisha mafuta na vumbi lote, kupaka grisi ya silikoni na kufunga. Usitumie grisi ya kawaida ya beringi. Baada ya kufunga, utasikia mchanga na mashimo zaidi kuliko zamani, na hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Hapo hapo chini kuna mtego. Raki ina skrubu ya kukazia yenye nati ya kufungia juu yake, na fundi mwenye haraka akisikia mlio wa kokoko huikaza hiyo. Mlio unapungua kwa wiki mbili. Lakini meno ya raki hulika zaidi katikati, kwa sababu hapo ndipo gari linapoendeshwa muda mwingi. Ukikaza mpaka katikati pasicheze, sehemu za pembeni ambazo hazijalika zinabana, na usukani haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Usukani usiorudi ni hatari kuliko unaocheza. Kabla ya kuigusa skrubu hiyo, nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, shika gurudumu saa tatu na saa tisa ulitikise: mchezo wa hapo ni tairodi (fimbo inayounganisha raki na gurudumu) ya nje au ya ndani. Shika saa kumi na mbili na saa sita: hapo ni boljointi (kiungo cha duara cha mkono wa chini) au beringi.

Kama pampu ya usukani inalia na oili kwenye kopo ina povu, usikimbilie pampu mpya. Kwenye Subaru hizi kuna o-ringi ndogo pale bomba la kuingizia oili linapoungana na pampu. Ikikauka inavuta hewa bila kuvuja hata tone, ndiyo maana watu huikosa. Badilisha o-ringi, toa oili chafu, weka ATF (oili ya gia otomatiki) ya Dexron III, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yaishe.

Baada ya raki, mkono wa chini wa mbele, ule unaounganisha gurudumu na sehemu ya chini ya gari. Una bushi mbili, na ile ya nyuma ndiyo kubwa, yenye nafasi wazi ndani ya raba. Hiyo ndiyo inayobeba nguvu ya breki. Ikichanika, gurudumu linarudi nyuma kila unapokanyaga breki, kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani ukitazamwa ubavuni) inabadilika, na usukani unavuta upande mmoja kisha unarudi. Mlio wake unajulikana: "kop!" moja ukitoka rivasi kwenda mbele. Ingiza mtaimbo kati ya mkono na bodi, sukuma, utaona mpasuko ukifunguka.

Unapoifunga mpya ya raba, bolti zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya jeki. Fundi wengi hukaza magurudumu yakiwa yananing'inia, kisha wanashusha gari. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, kwa hiyo inapokazwa katika hali ile, gari likishuka inabaki imejisokota maisha yake yote. Inachanika baada ya miezi michache na lawama zinaangukia spea ya mtumba, au "feki za Gerezani" kule Dar es Salaam, au duka la Kirinyaga Road, Nairobi. Ishikishe bolti, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma mita chache, ndipo ukaze.

Poli ifungwe wapi? Kwenye raki, ndiyo. Kwenye bushi ya nyuma ya mkono wa mbele, ndiyo, na kuna seti inayoipeleka sehemu hiyo ya mkono mahali papya ili kuongeza kasta kidogo, usukani ukapata uzito na hamu ya kurudi katikati. Kwenye mkono mrefu wa nyuma, ule unaoelekea mbele ya gari, mimi nakataa. Mkono ule unapanda na kushuka huku ukijipinda pembeni, na raba inauruhusu. Poli inaubania, na nyuma ya gari inakuwa ngumu hapa, laini pale, bila mpangilio. Weka raba mpya, ngumu kidogo ukiipata.

Shokapu zibadilishwe mbili mbili, pamoja na raba ya kugongea, kifuniko cha vumbi na mauntingi ya juu (kishikio cha shokapu kwenye bodi). Mauntingi ya mbele ina beringi ndani yake. Beringi hiyo ikikwama, springi inajisokota usukani unapogeuka, kisha inaachia kwa mlio wa "ting". Watu wanailaumu raki kwa kosa la beringi. Na kabla hujafungua bolti mbili zinazoshika shokapu la mbele kwenye naki (chuma kinachobeba gurudumu), weka alama ya msumari kwenye ile ya juu. Kichwa chake hakiko katikati makusudi, kwa sababu ndiyo inayorekebisha kemba, yaani kulala kwa gurudumu. Kuirudisha kwa kubahatisha ni kutoka gereji na gari linalovuta pembeni.

Nirudi kwenye kushusha. Mbele ya Impreza, mkono wa chini unapaswa kulala sawa na ardhi au kuinama kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha zaidi ya milimita 25 au 30 hivi, mkono unainuka upande wa gurudumu, na ile sehemu ambayo bodi inaizunguka inapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Gari liko chini, lakini linalala zaidi. Juu ya hayo, kila gurudumu likipanda tuta tairodi inalivuta, na usukani unajigeuza wenyewe. Springi iliyokatwa ni mbaya zaidi, maana shokapu linafanya kazi karibu na mwisho wake na raba ya kugongea inageuka kuwa ndiyo springi. Impreza zilizoshinda Safari Rally, ile iliyoendeshwa na Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilisimama juu. Barabara zetu zina matuta yasiyo na alama na makorongo ya mvua. Urefu wa kiwandani msiuguse.

Kinachofaa kuondoa tabia ya Impreza kusukuma pua nje ya kona ni stabilaiza ya nyuma, yaani fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale. Injini nzima iko mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo matairi ya mbele huchoka kwanza. Stabilaiza nene nyuma hupunguza mzigo huo. Lakini ununue kwa hesabu: ugumu wa chuma kisicho na uwazi ndani hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 20 kwenda 22 huongeza ugumu kwa karibu asilimia 46, ingawa kwa macho huoni tofauti. Milimita 22 yenye matundu ya kurekebisha, ifungwe kwenye tundu laini kabisa kwanza. Mtu anayeendesha murram kila siku abaki na ya kiwandani, kwa sababu nyuma ikiwa ngumu huteleza ghafla juu ya changarawe na kwenye lami yenye maji.

Na vishikio vya stabilaiza ya nyuma kwenye bodi hizi ni vya bati jepesi. Vilitengenezwa kwa chuma chembamba, ukiweka nene vinapasuka kwenye kona ya mkunjo. Nunua vishikio vilivyoimarishwa siku hiyo hiyo. Tazama pia vile viungo vidogo vinavyoishika stabilaiza. Ukikuta vya plastiki, weka vya chuma, kwa sababu plastiki hujipinda kwanza kabla stabilaiza haijafanya kazi.

Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, huja mwisho, baada ya kila kitu kukazwa, upepo umepimwa, na tangi likiwa nusu. Mashine ianze nyuma, ndipo mbele, na usukani ufungwe ukiwa umenyooka. Usikubali kuambiwa "iko poa", dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwa matumizi ya barabarani, omba kemba ya mbele kati ya digrii -1 na -1.5, kushoto na kulia zisipishane zaidi ya digrii 0.3. Tou ya mbele, yaani kuelekeana kwa magurudumu, iwe sifuri au milimita 1 kuelekea ndani kwa jumla. Ya nyuma iwe milimita 1 hadi 2 kuelekea ndani, isitoke nje hata kidogo, kwani nyuma iliyofunguka huifanya sedani hii iwe na wasiwasi kwenye mvua. Wapo wanaofungua tou ya mbele ili usukani uwe mkali. Unakuwa mkali kweli, na tairi linalika upande wa ndani, mahali ambapo huoni mpaka nyaya zitokeze.

Baada ya kilomita 500, kagua tena bolti zote ulizozigusa kwa spana ya kupimia nguvu, nati za magurudumu zikiwa kati ya Nm 90 na 110. Ile karatasi ya vipimo itunze ndani ya gari. Siku ukipiga shimo kubwa, rudi nayo kwenye mashine ulinganishe: bolti ya kemba iliyoteleza itaonekana kwenye namba za gurudumu moja, wiki kadhaa kabla tairi halijaanza kulika.