Kuficha Mkojo Unaoponyoka Kunatuchosha Kuliko Kuutibu

Mtu anayeponyokwa na mkojo humjui kwa kumtazama. Labda umjue kwa anayoyakwepa, na hapo ni lazima nawe uwe mwenzake. Atakaa pembeni karibu na mlango. Atavaa nguo nyeusi. Siku ya safari hagusi maji tangu asubuhi, na kabla ya kutoka nyumbani ataingia chooni hata kama hajabanwa. Akitaka kucheka, hubana mapaja kwanza.

Nimeishi na hali hii kwa miaka, na haya yote nayajua kwa undani. Ninavyoona, jasho tunalolitoa kuficha ni jingi kuliko lile ambalo matibabu yangetudai. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mbinu zetu nyingi za kuficha ndizo zinazokiharibu kibofu.

Chukua hili la kuacha maji. Mkojo ukikosa maji unakolea, na mkojo uliokolea hukikera kibofu, kikataka kuutoa mapema. Choo nacho kinakuwa kigumu. Utumbo uliojaa unakigandamiza kibofu, na kule kujikamua kila siku kunailegeza misuli ya nyonga, ile ile inayotakiwa kuuzuia mkojo. Hapo sijataja maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo hupenda mtu asiyekunywa maji. Kwa hiyo yule aliyeshinda na kiu ili asiaibike anaweza kurudi nyumbani kibofu kikiwa kimechokozeka kuliko kilivyoamka. Kama kuna cha kupunguza, punguza kahawa, chai iliyokolea, soda zenye kafeini na pombe. Maji kunywa, ila yakaribiapo masaa ya kulala yapunguze ili usiku usikatike vipande vipande.

Hili la kwenda chooni kwa tahadhari nalo lina madhara yake. Kibofu cha mtu mzima huchukua takriban mililita 400 hadi 500, na mtu huanza kuhisi mkojo kikiwa na kama 150 au 200. Maana yake, ile hisia ya kwanza ni taarifa tu, nafasi bado ipo. Ukikikimbilia kila kinapotoa taarifa, kinazoea kudai kwa kidogo. Wengi wetu tumekifundisha hivyo bila kujua, na kinaweza kufundishwa upya: unaanza na muda unaoumudu, tuseme saa moja, kisha unasogeza kwa dakika 10 au 15 kila unapouzoea, mpaka ufikie saa tatu hivi. Huchukua wiki 6 na zaidi. Si kazi ya siku mbili.

Sehemu ngumu ya zoezi hilo huja mlangoni kwako mwenyewe. Njiani ulikuwa mzima kabisa. Unaingiza ufunguo kwenye kitasa, na ghafla mkojo unabana kana kwamba umeungoja siku nzima. Silika inakuambia ukimbie, na ukikimbia ndipo unapomwagika. Simama, au kaa kama kuna pa kukaa. Bana misuli ya chini, ile ya kuzuia mkojo, mara tano sita za haraka, vuta pumzi taratibu, hesabu kinyumenyume, ngoja. Mbano ule hupanda kama wimbi, kisha hushuka. Ukishashuka, tembea kwenda chooni kwa mwendo wako wa kawaida. Mara ya kwanza linapokukubali, unapata nguvu ya kuendelea.

Kwa wale ambao mkojo unawaponyoka wakikohoa, wakipiga chafya au wakiinua ndoo, tatizo mara nyingi ni misuli ya sakafu ya nyonga. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika kuhusu mazoezi yake mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza kwa hali hiyo. Bana kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, vuta kwa ndani na juu, shikilia sekunde kadhaa, legeza kabisa. Angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Wengi hukata tamaa wiki ya pili na kusema hayafanyi kazi, na wengine hubana makalio au kuzuia pumzi wakidhani wanafanya ndiyo hayo. Ndiyo maana inafaa kumwona mtaalamu wa fiziotherapia hata mara moja akuhakikishie unabana panapotakiwa. Usiyafanye mazoezi haya ukiwa unakojoa. Na ukihisi chafya inakuja, bana kabla haijatoka.

Lakini siyo kila mkojo unaovuja unataka mazoezi, na hapa ndipo kukaa kimya kunapokuwa hatari. Mwanamume ambaye mkojo wake unatoka kwa unyonge, unadondoka, na kibofu hakiishi mkojo, huenda tezi dume imeziba njia. Huyo anahitaji kupimwa. Mwanamke anayevuja mchana na usiku baada ya uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula hurekebishwa kwa upasuaji. Sukari ikipanda, mkojo unakuwa mwingi. Vidonge vya presha vinavyokojoza huleta haraka ya kukojoa vilevile, na daktari anaweza kukubadilishia saa ya kuvimeza, usiviache mwenyewe. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukagoma kabisa kutoka, nenda siku hiyo hiyo. Miguu ikiishiwa nguvu na ganzi ikakushika sehemu za siri na makalio, hiyo ni dharura, usingoje kukuche.

Kuhusu pedi, sikubaliani na wanaoziona kama alama ya kushindwa. Vaa, utoke, uende kazini na kwenye ibada. Tumia tu zile za mkojo, maana za hedhi hazikutengenezwa kumeza majimaji mengi kwa mara moja. Badilisha ikilowa, jisafishe kwa maji, jikaushe, paka mafuta mazito ya kukinga ngozi. Ninachopinga ni mtu kupewa pedi na kuambiwa basi, ndiyo uzazi huo, ndiyo uzee huo. Umri na uzazi huongeza uwezekano, ni kweli, ila havifuti haki ya kutibiwa. Bibi anayekimbia gizani kuelekea chooni anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Muachie taa, muondolee vitu njiani, muwekee ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, kisha mpeleke akapimwe. Na tafadhali, neno kikojozi lisitamkwe mbele yake, hata kwa utani.

Ukienda hospitali, kwa siku tatu kabla andika saa ulizokojoa, ulichokunywa, na ulipoponyokwa ulikuwa unafanya nini. Beba na dawa zote unazomeza. Wengi wetu tukifika tunaeleza mgongo, tunaeleza usingizi, halafu hili tunalisema tukiwa tumeshika kitasa cha kutokea, wakati mgonjwa mwingine ameshaitwa. Lianze hilo. Sema: "Daktari, mkojo unaniponyoka," kisha mpe karatasi yako.