Kidonge cha alfajiri hakifiki kipindi cha Hisabati

Mzazi wa Nairobi akilalamika kwamba dawa ya ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, haimsaidii mtoto wake, aulizwe kwanza: basi la shule linapita saa ngapi? Mtoto wa Juja, nje kidogo ya jiji, anayemeza kidonge saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi basi, dawa yake inaishia njiani. Methilfenideti ya kawaida, dawa inayotumika sana kwa ADHD, huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja, na nguvu yake huisha kama saa nne tangu imezwe. Karibu nusu ya muda huo umeliwa na foleni ya Thika Road. Ikigonga saa tatu na nusu imekwisha, na Hisabati ndiyo kwanza inaanza baada ya mapumziko. Mwalimu anaandika "hatulii", mzazi anarudi kliniki kuomba kipimo kiongezwe.

Kabla ya kuongeza miligramu, tazama saa. Mwombe mwalimu, kwa wiki moja tu, aandike mara tatu kwa siku: kabla ya mapumziko, kabla ya chakula cha mchana, na alasiri. Asiulizwe "tabia yake ikoje?", maana jibu la hilo hutegemea mwalimu mwenyewe ameamkaje. Aulizwe mtoto amemaliza maswali mangapi kati ya aliyopewa. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea daktari. Huenda akasogeza dozi ya kwanza ili itolewe mtoto anapofika shuleni, akaongeza ya mchana, au akaandika ile ya kudumu kutwa, ambayo bei yake huuma. Hiyo ya kutwa isitafunwe wala kusagwa ndani ya uji, kwani itaachilia nguvu yake yote kwa mkupuo. Na kwa kawaida dozi huanzia miligramu 5, mara moja au mbili kwa siku, ikipandishwa polepole wiki hadi wiki. Pakiti ya kwanza haijasema neno la mwisho.

Dozi ya shuleni isikae kwenye begi la mtoto. Hii ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na watoto hugawana kila kitu. Ikae kwa matroni, ndani ya pakiti yake, pamoja na barua ya daktari na daftari la kutia sahihi. Mtoto aitwe kimyakimya. Kumpigia kelele mbele ya darasa "njoo umeze dawa yako" ndiko kunakomfanya aifiche chini ya ulimi.

Chakula cha mchana kitarudi nyumbani vilevile. Usigombe, dawa huua hamu ya kula. Mpe mayai, au uji wa maziwa na njugu, kabla ya kidonge, kisha mlo wa kushiba saa mbili usiku hamu inaporudi. Kliniki ipime uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, si kuandika dawa tu na kumwita anayefuata.

Jioni dawa ikiisha, mtoto anaweza kuwa mkali kuliko alivyokuwa kabla hajaianza. Sisi nasi ndipo tunapomtolea kazi ya ziada! Aache kwanza ale, akimbie, kisha afanye dakika kumi kumi. Dozi ya mchana ikisahauliwa, usiifidie saa kumi na moja jioni: hatalala. Wala usimpe mbili kesho yake.

Lakini kidonge hakinakili kazi ubaoni. Mtoto huyu anahitaji kiti cha mbele mbali na dirisha, agizo moja kwa wakati, na ruhusa ya kusimama, hata kwa kutumwa chaki. Kumnyima mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi ni kumwongezea mori. Kiboko hakina mjadala, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza. Shule ikibisha, KISE, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya kule Kasarani, hufanya tathmini, na ripoti ya maandishi husikika kuliko machozi ya mzazi ofisini.

Januari mwalimu hubadilika, na karatasi zote hubaki kwa yule wa zamani. Peleka nakala wiki ya kwanza, kabla jina la mtoto halijaingia kwenye orodha ya wapiga kelele.